Zamu ya Pampu Busibwabo

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mnafungua simu na kuona unyevu wa shamba lililo mbali, umechorwa kwa rangi kama ramani ya shule. Nafurahi nikiwaona. Lakini kila mara nataka kuwauliza: kabla namba hiyo haijawafikia, ni nani aliyekuwa amesimama karibu na kifaa, na alikuwa anataka kiseme nini? Swali hilo sikulipata darasani. Lilinijia nikiwa nimepiga magoti katika shamba la nyanya huko Busibwabo, kiangazi kimoja cha miaka ya tisini.

Niwaeleze kwanza tulichokuwa nacho, maana hamjawahi kukiona. Kihisi chetu kilikuwa kipande cha jasi, ule unga mweupe ambao hospitalini huwafungia watu waliovunjika mifupa. Ndani yake tulizika vipande viwili vya wavu wa chuma kisichoshika kutu, kila kimoja na waya wake. Jasi ikizikwa penye mizizi, hunywa maji udongo unapokuwa na maji, na huyatoa udongo unapokauka. Ikiwa imelowa hupitisha umeme kwa urahisi, ikikauka huuzuia. Juu ya ardhi tunaunganisha nyaya na kisanduku chenye sindano, na sindano inatuambia kama mmea una kiu au umeshiba. Mmea wenyewe huchelewa kusema. Mkiona jani la nyanya limenyauka asubuhi, mjue hasara imekwisha kuanza.

Wavu ule wa chuma ulitusumbua sana. Mradi wa umwagiliaji ulioniajiri ulikuwa umeahidi kutuletea kutoka ng'ambo, na ahadi ikabaki ahadi. Aliyetutoa kwenye shida alikuwa Fundi Etyang, mtu wa Malaba, mtengenezaji wa redio za madereva wa malori, ambaye mradi ulimwajiri anisaidie kuunda vifaa. Siku moja alinichukua sokoni Malaba, akasimama mbele ya mama mmoja kutoka upande wa Uganda aliyekuwa amepanga vyombo vya jikoni juu ya turubai, akaanza kuinua vichujio vya chai kimoja kimoja akivitazama juani.

"Nyabo, hivi vyote tunachukua," akasema.

Yule mama akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Vichujio vyote? Mnafungua hoteli gani ambayo inauza chai peke yake?"

"Tunaenda kuvizika," Etyang akamjibu bila kucheka.

"Basi lipeni kwanza kabla hamjazika."

Tuliporudi tulivikata kwa mkasi wa bati. Nyavu zile zilifanya kazi vizuri kuliko nilivyothubutu kutumaini.

Etyang alinifundisha mambo ambayo hayakuandikwa katika kitabu chochote nilichosoma chuoni. Ukishamimina uji wa jasi kwenye kalibu, gonga meza taratibu mpaka mapovu yapande juu, kwa sababu povu likibaki ndani, kihisi kitakuwa na pengo ambalo maji hayatalijaza. Kikikauka, kilambe. Naam, kilambe. Jasi nzuri hushika ulimi. Ile iliyochanganywa vibaya huteleza kama kigae. Mara ya kwanza nilisitasita, naye akaniuliza kwa upole wenye sumu, "Madam, kwani diploma yako haina ulimi?" Mimi kwa upande wangu nilimwonyesha kwamba betri ya tochi ikiunganishwa moja kwa moja hula chuma na kuipotosha sindano huku unaitazama, ndipo tukaunda saketi ndogo ya kuupeleka umeme huku na huku. Alipoona sindano imetulia, alizunguka meza mara mbili akiimba kwa Kiteso. Tulikuwa tunafaana.

Jambo jingine ambalo nawaomba mlishike: kabla hamjazika kihisi, kilowesheni usiku kucha, kisha kizikeni katika tope laini, mkibonyeza kwa vidole ili pasibaki hewa. Na udongo mliourudisha shimoni muushindilie vizuri. Udongo uliolegea ni njia. Maji ya juu hufuata pale pale jembe lilipopita, yakashuka moja kwa moja hadi kwenye kihisi, wakati udongo wa pembeni haujaonja hata tone. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo karibu limfukuzishe mwanamke mmoja katika shamba lake.

Mwanamke huyo aliitwa Nabwire. Alikuwa ameolewa Busibwabo si zamani. Mumewe alifanya kazi ya utanboi, msaidizi wa dereva, katika malori ya kwenda Kampala, na nyumbani alionekana kwa nadra. Baba mkwe wake, Mzee Egesa, alikuwa amempa kipande cha ardhi kando ya kijito ajaribu nyanya kwa msimu mmoja. Alilitamka neno hilo mbele ya kikundi kizima cha wakulima: ajaribu. Nyanya zikifaulu, ataendelea. Zikishindwa, kipande kinarudi kwenye mihogo, na Nabwire anarudi kulima katika shamba la mama mkwe, chini ya macho ya mama mkwe. Hakuna aliyehitaji kunieleza uzito wa jambo hilo. Nilizaliwa Mundika, nawajua wake wa nyumba zetu na hamu yao ya kuwa na mstari mmoja wa mimea ambao hakuna mwingine anayeuamrisha.

Kikundi kilikuwa na pampu moja ya petroli, na kijito kilikuwa kimepungua hadi ikabidi kungojea kidimbwi kijae upya kila siku. Shamba moja tu liliweza kunyweshewa vizuri kwa siku. Kwa hiyo kila Jumatano nilikuja na kisanduku changu, nikasoma vihisi vya wote, na zamu za wiki zikapangwa: lililokauka zaidi kwanza, lenye maji mwisho. Mwanzoni nilijivunia utaratibu huo. Niliona haki yenyewe ikiwa imesimama mbele yangu, na ina sindano.

Baada ya wiki chache, hofu ikaanza. Kila Jumatano, wa kwanza kwenye zamu alikuwa Wandera. Huyu alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mtu wa maneno makali, asiyejali shamba lake kupita kiasi. Magugu yake yalikuwa marefu kuliko miche yake. Na kila Jumatano, wa mwisho alikuwa Nabwire. Sindano yake ilisimama upande wa maji, thabiti, kama askari wa mpakani. Nikasema "Vizuri," nikaandika, nikaondoka. Lakini wiki ya tatu niliona majani yake ya chini yamejikunja. Nikajiambia ni joto la mchana. Wiki iliyofuata maua yalikuwa yameanza kudondoka.

"Madam," Nabwire akaniambia akinisindikiza hadi barabarani, "mimi sibishani na mashini. Lakini hizi nyanya ziko sawa kweli?"

"Sindano inasema kuna maji."

"Haya," akasema, na akainamisha uso.

Watu nao walianza kunong'ona. Mama mmoja wa kikundi aliniuliza waziwazi, "Huyu Wandera anakupatia nini? Kila siku yeye, yeye, yeye. Hata shamba lake halina mtu wa kulitazama!" Wandera alipolisikia alicheka kwa sauti ya mtu aliyezoea kuizidi injini. "Mimi nimpatie nini? Labda magugu!" Nami nikacheka pamoja nao, lakini njiani kurudi mjini nilikuwa nikijihoji: je, nimekosea saketi? Je, jasi ya Nabwire ina kasoro? Nilibadilisha kisanduku, nikabadilisha nyaya, nikamwuliza Etyang. Akanijibu, "Kifaa kinapima kile kinachogusana nacho. Kama hakidanganyi, basi kinaguswa na kitu." Sikumwelewa. Nilidhani anataja mchwa.

Mzee Egesa, kwa upande wake, alianza kuja mpakani mwa shamba. Kwetu baba mkwe na mke wa mwana hawazungumzi ovyo uso kwa uso; kuna heshima, na heshima hiyo huhitaji mtu wa kati. Mtu huyo wa kati, kila Jumatano, nilikuwa mimi. Alisimama ameupa uso mti wa kivuli, akaniambia, "Madam, mwambie mwenye nyanya kwamba mihogo haiombi maji." Nabwire alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, amesikia kila neno. Nilimwambia hata hivyo. Akanijibu, "Mwambie baba bado kuna nafasi." Nikampelekea. Hiyo ndiyo desturi. Lakini nafasi hiyo ilikuwa wapi? Ilikuwa kwenye sindano yangu, na sindano yangu ilikuwa inamnyima.

Kisha likatokea jambo dogo. Taarifa za kuja kwangu zilikuwa zikitangazwa kanisani Jumapili, ili watu wawepo. Wiki moja gari la mradi lilihitajika kwingine siku ya Jumatano, nikaamua kuja Jumanne badala yake. Nilipanda boda boda ya baiskeli kutoka mtaa wa Burumba, kule mjini, kisanduku nimekipakata mapajani, na mwendeshaji akilalamika kwamba kina kona. Nilifika mchana, hakuna aliyenitarajia. Nabwire alikuwa ameenda kutafuta kuni. Nikaunganisha nyaya zake.

Sindano ililala. Ilianguka upande wa ukavu kabisa na haikuinuka.

Nilikagua betri. Nilikagua viungo. Nikaenda kwa Wandera: kavu, kama kawaida. Nikaenda kwa mama aliyenishutumu: kavu. Sasa nilikuwa na hakika kwamba kisanduku kimeharibika, na nikaona mradi mzima unaporomoka, na kikundi kikinifukuza, na nyanya za Nabwire zikifa kwa ajili ya takataka niliyoiunda kwa vichujio vya chai. Usingizi wa siku ile sitausimulia.

Asubuhi gari likapatikana, kwa hiyo nikarudi Jumatano kama ilivyotangazwa. Wote walikuwepo. Nyua zilikuwa zimefagiwa. Nikaunganisha nyaya za Nabwire mbele ya kila mtu, na sindano ikapanda, ikasimama upande wa maji, thabiti.

Hakukuwa na mvua usiku ule. Pampu haikuwa imefika kwake. Niliweka kisanduku chini, nikapiga magoti, nikaupapasa udongo. Juu ya kihisi palikuwa na duara la unyevu, upana wa kifuniko cha sufuria. Nje ya duara, vumbi.

Nikainua macho. Nabwire alikuwa anatazama miguu yake.

Hapo nikaelewa, na kuelewa huko kulinitia hofu kuliko kutoelewa. Mimi mwenyewe nikiwa msichana nilinyunyizia maji uwanja wa mama yangu kila mgeni alipotarajiwa, ili vumbi lisimpande na nyumba isionekane imekauka. Nabwire alikuwa amefanya hivyo hivyo. Wageni wanakuja kulipima shamba. Je, walikute lina kiu, kwenye ardhi ya baba mkwe, baba mkwe akitazama? Kila Jumanne jioni alikuwa analimwaga jagi lake la maji pale pale penye nyaya, na maji yakifuata ile njia ya udongo uliolegea. Na mimi, kila nilipoona sindano imepanda, nilisema kwa sauti "Vizuri." Alikuwa amefanya mtihani na kupata maksi. Kwa nini asiamini kwamba maksi nzuri ndizo zitakazomletea pampu?

Sasa nifanye nini? Nikisema kihisi kimedanganya, kikundi kitarudi kwenye ugomvi wa zamani wa nani ana sauti kubwa. Nikisema Nabwire amekinywesha, nimemmaliza mbele ya mkwe wake. Watu watasema alitaka kuwadanganya wageni, na Mzee Egesa hatahitaji sababu nyingine. Nikinyamaza, nyanya hazitafika Jumatano ijayo. Nikasimama, nikakung'uta vumbi kwenye sketi.

"Leo," nikasema, "tutachimba. Vihisi vyote. Tunaanza kwa Wandera."

"Mbona mimi?" Wandera akaruka. "Mnataka kutoa rushwa yangu chini ya ardhi?"

"Tuonyeshe magugu yako kwanza, mzee," mtu akamjibu, na watu wakacheka.

Kwa Wandera jembe liliingia kwenye udongo mkavu kutoka juu hadi chini, na kihisi kikatoka kimekauka. Ukweli mtupu. Tukaenda kwa yule mama mwenye manung'uniko. Jembe lilipogusa pale penye nyaya, lilitoa donge la tope. Pembeni, kavu. Watu wakalitazama lile donge, kisha wakamtazama yeye.

"Nilimwaga kidogo tu," akasema. "Kidogo! Mtu akija kwako utamwacha akute vumbi?"

Shamba la tatu, donge la tope. La nne, donge, tena kubwa. Mwenye shamba la tano hakungoja jembe. "Msichimbe, mtajipa kazi bure. Mimi pia." Kicheko kikalipuka, kikaenea hadi kijitoni, wanawake wakashikana mabega. Kumbe kikundi kizima kilikuwa kikishindana kwa adabu, na pampu ilikuwa ikimwendea mtu pekee ambaye hakuwa na adabu hiyo.

Wandera alikuwa ameinua mikono juu kama mchungaji wa kanisa. "Mmesikia? Mimi sikuhonga! Mimi ni mvivu tu! Semeni: Wandera ni mvivu!"

"Wandera ni mvivu!" wakamwitikia.

Tulipofika kwa Nabwire kicheko kilikuwa bado vinywani mwao, kikafia hapo. Alikuwa amemwaga zaidi ya wote. Donge lake lilikuwa la ukubwa wa kichwa cha mtoto. Lakini kando yake, tulipochimba chini ya mizizi ya nyanya, udongo ulitoka kama majivu. Mizizi ilikuwa imejikusanya karibu na kihisi ikitafuta lile jagi la Jumanne. Maua yalikuwa yametapakaa chini.

Mzee Egesa alikuwa amekuja karibu kuliko siku zote. Aliutazama udongo ule, kisha akageuza uso. "Madam," akasema, "mwambie mwenye nyanya kwamba mimi sikumpa shamba ili aniogope."

Nabwire alikuwa analia bila sauti, na sikumpa ujumbe ule. Niliona akiupokea peke yake.

Tatizo lilikuwa kwamba kidimbwi cha siku ile kilikuwa cha Wandera, kama kila Jumatano, na mpira wa maji ulikuwa tayari umelazwa shambani kwake. Wote tulimgeukia. Alikuna kidevu. "Vuteni," akasema. "Lakini kuanzia leo atakayesema nimehonga ataninunulia chai." Wanaume wakauvuta mpira. Niliposikia pampu inaguruma na kuona maji yanaingia kwenye mifereji ya Nabwire, niliketi chini kwenye nyasi.

Siku zilizofuata sikuwa mtu wa kukaa nami. Nyanya zilizokosa maji kwa muda mrefu, zikinyweshewa ghafla, huweza kupasuka au kuoza kitako, na nililijua hilo vizuri mno. Nilirudi mara kwa mara, kwa gari, kwa boda boda, mara moja kwa miguu kutoka Mundika. Vishada vya chini vilipotea; matunda yake yalipata doa jeusi, tukayachuma na kuyatupa. Vishada vya kati vikanusurika. Vya juu vikatoa maua mapya, nikayahesabu kama mtu anayehesabu watoto wanaovuka barabara.

Mimi na Etyang tulibadilisha vifaa. Tukaanza kuzika vihisi viwili kila shamba, kimoja karibu na juu na kimoja chini sana ambacho jagi haliwezi kukifikia, tena mbali na kijia cha kupitia wageni. Hayo ni mabadiliko ya kifundi, na yalisaidia. Lakini badiliko lililonigharimu zaidi lilikuwa kuacha kusema "Vizuri." Jaribuni mwone ugumu wake. Na tukakubaliana kwamba mimi sitasoma tena. Kila mkulima atasoma sindano yake mwenyewe, aseme kwa sauti mbele ya wenzake.

Jumatano ya kwanza ya utaratibu huo, Mzee Egesa alikuwepo. Watu walisoma mmoja baada ya mwingine, wengine wakitania ukavu wao. Zamu ya Nabwire ilipofika alikishika kisanduku kwa mikono miwili. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, niliiona sindano. Ilikuwa imeanza kulala tena. Angeweza kunong'ona. Angeweza kunitazama mimi. Aliinua kichwa, akasema kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya kijito:

"Shamba langu limekauka."

Baba mkwe wake alikuwa amesimama pale kwenye mpaka, mgongo kwetu. Kisha akaniita.

"Madam. Mwambie mwenye nyanya, akimaliza kuvuna asing'oe ile miti ya kuegemezea. Ataihitaji msimu ujao."

Hakukuwa na umbali wowote kati yao wa kuhitaji mjumbe. Lakini desturi ni desturi. Nikageuka, nikamwambia Nabwire neno kwa neno. Akafuta uso kwa kiwiko, kisanduku bado mikononi, akaniambia nimjibu mzee kwamba amesikia.